Mwanangu kapewa sifuri kwa kunakili mtandaoni, baba yake anataka asiiguse simu tena

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi cherehani hapa Kihonda, Morogoro. Nina watoto wawili: mkubwa wa kiume yuko kidato cha tatu katika shule ya kata, mdogo wake wa kike yuko darasa la nne. Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba. Baba yao ni dereva wa lori, njia yake ni ya Tunduma, kwa hiyo mambo mengi ya shule yananiangukia mimi.

Mwezi uliopita mwalimu wa historia aliwapa kazi ya kufanyia nyumbani. Waandike sababu za Vita vya Maji Maji na athari zake, kurasa tatu, kwa Kiingereza. Akawaambia wakatafute mtandaoni. Hakuwatajia kitabu wala mahali pa kutafuta. Shuleni kitabu kimoja wanasoma watoto wanne au watano, na hakiruhusiwi kutoka darasani. Nyumbani simu ya intaneti ni moja tu, yangu, na hiyo hiyo ndiyo wateja wanayonitumia picha za mishono.

Nikamwekea bando la buku, nikampa simu, nikaendelea na kazi zangu. Jioni ile akanionyesha daftari limejaa maandishi, kurasa tatu na ushee. Nilifurahi Shangazi, nikasema mwanangu anasoma. Daftari liliporudi lina sifuri. Mwalimu aliniita. Kumbe watoto sita wameandika maneno yale yale, nukta kwa nukta. Na kwenye kazi ya mwanangu kuna hata mstari unaomwambia msomaji abonyeze hapa ili apakue. Mwalimu aliuzungushia wino mwekundu. Maana yake mtoto alikuwa ananakili bila hata kusoma anachonakili. Mwalimu alimwita mwizi mbele ya darasa zima, mtoto akarudi nyumbani hataki kula. Hata hivyo amewapa nafasi ya kurudia kazi ile kabla shule hazijafungwa.

Baba yake aliposikia alipiga simu akiwa njiani, akasema kuanzia leo mtoto asiiguse simu. Anasema yeye alisoma bila simu na akamaliza kidato cha nne. Sikumjibu, kwa sababu ni kweli nimewahi kumkuta mtoto anatazama TikTok wakati ameniambia anasoma. Lakini nikimnyima simu, hiyo kazi ya kurudia ataifanyia wapi? Na rafiki yake kamwambia siku hizi kuna programu ya akili mnemba, unaiandikia swali inakupa insha nzima, mwalimu hajui kitu. Naogopa ndiko atakakokimbilia.

Nimesikia kuna maktaba za mtandaoni za wanafunzi. Je, zipo kweli, au ni zile za kukudai pesa ukishafika katikati? Zinakula bando sana? Na mimi nisiyejua Kiingereza, nitajuaje kama mtoto anasoma au ananizuga?

Mama Wawili, Kihonda

—

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lile linalokunyima usingizi: usimnyime simu. Ila asiitumie kama alivyokuwa akiitumia.

Mtoto amekosea, na aambiwe hivyo bila kuremba. Kuchukua maneno ya mtu mwingine ukayaweka chini ya jina lako ni udanganyifu, na sifuri ile alistahili. Kumwita mwizi mbele ya wenzake ni jambo jingine, nalo silikubali. Watoto sita wa darasa moja wakinakili ukurasa ule ule, tatizo limeshavuka tabia ya mtoto mmoja. Wameambiwa wakatafute mtandaoni, wakaandika swali zima kwenye Google kama lilivyoandikwa ubaoni, wakafungua ukurasa wa kwanza uliojitokeza. Nimefanya kazi ya ukutubi mpaka nikastaafu. Mwanafunzi akija kaunta kuulizia Maji Maji, huwezi kumwambia vitabu vimo humo ndani, katafute, kisha ukaendelea na chai yako. Unamwonyesha rafu. Unamwambia anza na hiki chepesi, hiki kizito utakirudia. Watoto wenu hawakuonyeshwa rafu.

Sasa soma tena barua yako mwenyewe, pale uliposema kazi ni ya Kiingereza. Mwanao alisoma miaka saba kwa Kiswahili, akaingia sekondari akakuta masomo karibu yote kwa Kiingereza. Ukurasa wa historia anausoma anaambulia nusu. Na jambo usilolielewa huwezi kulieleza kwa maneno yako, hata ungekuwa mwaminifu namna gani. Kinachobaki ni kunakili. Ndiyo maana hata ule mstari wa kupakua uliingia daftarini: kwake ulikuwa Kiingereza kama Kiingereza kingine. Ukimnyima simu leo, kesho atanakili daftari la mwenzake.

Kwa hiyo kazi ya kurudia aianze kwa Kiswahili. Wikipedia ya Kiswahili, ambayo ipo tangu mwaka 2003, ina makala kuhusu Vita vya Maji Maji. Aisome hiyo kwanza. Si kwa ajili ya kunakili, na mwalimu wake huenda asikubali Wikipedia iandikwe kama chanzo, nami naona ana haki. Ni kwa ajili ya kulijua tukio lenyewe mwanzo hadi mwisho, ili akifungua kitabu cha Kiingereza awe tayari anajua kinazungumzia nini.

Akishasoma, aweke simu pembeni, aje akae karibu na cherehani yako, akusimulie. Hapo ndipo unapoingia wewe, na hapo Kiingereza hakihitajiki hata neno moja. Muulize: vita vilianzia wapi? Watu walikasirishwa na nini? Nani alisema maji yatazuia risasi, naye alipatwa na nini? Waliokufa waliuawa na risasi au na kitu kingine? Akianza kubabaika, akakuambia ngoja niangalie, mwache akaangalie, kisha arudi aanze tena. Mtoto aliyesoma husimulia kwa kwenda na kurudi, anasahau jina, analikumbuka mbele ya safari. Aliyenakili hana cha kusimulia. Utamjua ndani ya dakika tano, na hilo halihitaji cheti cha kidato cha nne.

Nikupe na wewe mambo machache ya kumpimia. Vita vilianza mwishoni mwa Julai 1905 katika vilima vya Matumbi, nyuma ya Kilwa, watu walipong'oa miche ya pamba waliyokuwa wakilazimishwa kuilima kwa ajili ya Wajerumani. Kulikuwa na kodi, kulikuwa na kazi za shuruti, kulikuwa na viboko. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe ndiye aliyekuwa akitoa dawa ya maji, naye alinyongwa mapema sana, tarehe 4 Agosti 1905, kabla vita havijaenea. Mwanao akikuambia Kinjikitile aliongoza vita mpaka mwisho, ujue ameruka kurasa. Na jambo hili mwambie wewe mwenyewe, litamsisimua: mwishoni mwa Agosti mwaka ule ule maelfu ya wapiganaji waliivamia boma ya Wajerumani pale Mahenge, ambayo leo ni mkoa wenu huo huo wa Morogoro. Si habari za mbali.

Swali la mwisho la kumuuliza ni hili: umejuaje? Hilo ndilo linalotenganisha utafiti na kubahatisha. Chukua idadi ya waliokufa. Kuna maandiko yatakayomwambia 75,000, ambayo ni makadirio ya upande wa Wajerumani. Wanahistoria wa baadaye, akiwemo Gilbert Gwassa, walifika kwenye 250,000 hadi 300,000. Tofauti ni kubwa mno, na sababu yake ndiyo jibu zuri la swali la athari: Wajerumani walichoma mashamba na maghala ili kuwavunja watu nguvu kwa njaa, na njaa iliua wengi kuliko risasi. Waliokufa vijijini kwa njaa mwaka 1906 na 1907 nani aliwahesabu? Ukurasa ule alioukopi mwanao bila shaka ulikuwa na namba moja tu, isiyo na mwenyewe. Akiandika namba zote mbili, akataja kila moja ni ya nani na kwa nini zinatofautiana, mwalimu wake ataketi sawasawa kitini.

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kusini na madaftari, wakakaa na wazee waliokuwa hai wakati wa vita, wakaandika walichosimuliwa. Sehemu kubwa ya tunachokijua leo kutoka upande wetu ilitokana na kazi ile. Kwa hiyo Morogoro pale kama mnamfahamu mzee wa Kipogoro kutoka Ulanga, mtoto akamsikilize. Hakuviona vita, lakini ana alichorithi kwa babu zake, na mtoto akiandika kwamba haya ni masimulizi ya familia, hicho ni chanzo halali.

Sasa hizo maktaba. Zipo kweli, na zile zinazomfaa mwanao hazidai hata senti.

Ya kwanza ni Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, TET. Hawa ndio wanaoandaa mitaala na vitabu vya kiada, kwa hiyo kitabu kile kile kinachogombewa na watoto watano darasani kimo humo, kuanzia vya awali mpaka kidato cha sita. Anajisajili, anachagua darasa, anasoma. Kwa kazi za nyumbani aanzie hapa kila mara, kwa sababu swali la mwalimu limetoka kwenye mtaala huo huo.

Ya pili ni tovuti ya Baraza la Mitihani, NECTA. Wazazi wengi wanaijua kwa matokeo tu, nayo ina hazina ambayo nasikitika kuona watoto hawaigusi. Mbali na mitihani iliyopita, kuna taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kila somo na kila mwaka. Humo wanaeleza swali kwa swali watahiniwa walikosea wapi, na wanaweka picha ya jibu lililoandikwa vizuri na picha ya jibu bovu, kwa mwandiko wa mtahiniwa mwenyewe. Mwanao bado mwaka mmoja aingie kwenye mtihani wa kidato cha nne. Apakue ya historia ya mwaka mmoja, atafute swali lolote la kueleza sababu na athari, aone jibu linalopata alama linavyopangwa: utangulizi, hoja moja kwa aya moja, mfano chini ya kila hoja. Taarifa moja ya hizo ina faida kuliko twisheni nyingi ninazoziona zikitangazwa. Na hapo hapo nikuonye: mtu yeyote wa WhatsApp au Telegram anayeuza mtihani ambao haujafanyika ni tapeli au mhalifu, hakuna wa tatu. Mtoto asimpe namba wala pesa.

Kuna pia Shule Direct, ya Watanzania wenyewe tangu 2013, ina maelezo mafupi ya masomo ya sekondari. Inafaa kwa kujikumbusha mada. Kwa utafiti haitoshi.

Kwa jiografia na uraia aende kwa wenye takwimu. Kurasa nyingi za mtandaoni bado zinasema Watanzania ni milioni 45, ambayo ni hesabu ya sensa ya 2012. Ofisi ya Taifa ya Takwimu imeweka wazi kwenye tovuti yake matokeo ya sensa ya 2022, watu 61,741,120, na imeyagawa kwa mkoa na wilaya. Mtoto akizoea kwenda kwa mwenye hesabu yake, hatabeba tena makapi ya miaka kumi iliyopita. Akitaka Google imletee za serikali peke yake, aongeze mwishoni mwa maneno anayotafuta site:go.tz, na kwa za vyuo aongeze site:ac.tz. Ajaribu kuandika Maji Maji kisha site:ac.tz aone tofauti. Zile kurasa za kunakili, zenye matangazo kila upande, zinapungua sana. Na nyie wa Morogoro mna bahati: Chuo Kikuu cha Sokoine kimeweka mtandaoni tafiti zake za kilimo, misitu na mifugo, zinasomwa bure. Siku akipewa kazi ya udongo au mmomonyoko wa Uluguru, aende huko.

Kitabu cha zamani ambacho hakipatikani popote, Internet Archive wanakiazimisha kwa saa moja moja ukishafungua akaunti ya bure. Ila mwambie mapema, riwaya na tamthilia wanazosoma kwa ajili ya mtihani asitegemee kuzikuta bure kihalali. Waandishi wake wana haki zao. Zile picha za kurasa zinazozunguka kwenye makundi ya Telegram ni jasho la watu limeibwa, na mara nyingi kurasa zinakosekana katikati. Riwaya aazime maktaba.

Na maktaba mnayo. Bodi ya Huduma za Maktaba imekuwapo kisheria tangu 1963, na Morogoro kuna maktaba ya mkoa. Mpeleke Jumamosi. Ulizeni ada ya uanachama wa mwanafunzi na vinavyotakiwa, ulizeni kama kuna kompyuta au waifai, na kubwa kuliko yote, mtoto amwambie mkutubi kwa mdomo wake mwenyewe kazi aliyopewa. Sisi watu wa maktaba tunafurahi tukiulizwa swali. Ni wachache mno wanaouliza.

Kuhusu bando. Kinachokula bando ni video. Kurasa za maandishi hazili kitu cha kukutisha, ila vitabu vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa ni vizito. Ninachokushauri ni kupakua mara moja na kusoma siku nyingi. Kuna programu ya bure inaitwa Kiwix. Unaiweka kwenye simu, unapakua Wikipedia ya Kiswahili nzima kama faili moja, na kuanzia hapo inasomeka bila intaneti kabisa. Fanyeni hivyo mahali penye waifai, pamoja na taarifa za NECTA. Hakikisha tu simu ina nafasi, futa kwanza picha za mishono ya zamani.

Hapo ndipo utakapopata la kumwambia baba watoto. Hajakosea kuogopa, na usimbishie kwa simu akiwa barabarani. Akirudi, mwonyeshe. Mwambie mtoto anasomea simu mezani, mbele yako, baada ya chakula, data zikiwa zimezimwa. Data zikizimwa TikTok haisogei, lakini wateja wakipiga unawapata. Simu nyingi za Android pia zina namna ya kubandika programu moja kwenye skrini, mtoto asiweze kutoka humo bila namba yako ya siri. Fundi simu yeyote wa mtaani atakuwekea. Mpe baba nafasi ya kusikiliza ile simulizi, hata kwa simu akiwa Tunduma. Kama alimaliza kidato cha nne, Maji Maji aliisoma, na mtoto atafurahi kuulizwa maswali na baba yake kuliko kukaripiwa.

Akili mnemba nayo nisiikwepe, kwa sababu rafiki yake ameshamtajia na ataifikia tu. Kuitumia si dhambi. Anaweza kuiomba imfafanulie aya ngumu ya Kiingereza kwa Kiswahili chepesi, au imtungie maswali ya kujipima baada ya kusoma. Lakini haifai kuwa chanzo. Inaweza kukutajia kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa, na mwandishi, na ukurasa, kwa lugha ya kujiamini kabisa. Kwa hiyo kila inachosema kuhusu tarehe, jina au namba, akakitafute kwenye kitabu cha TET au kwingine kabla hajakiandika. Na insha nzima isimwandikie. Wewe ni fundi, unajua mwanafunzi wako wa cherehani hajifunzi kukata kola kwa kuvaa shati uliloshona wewe.

Wakati wa kuandika sasa. Alichokipata akiweke kwanza kwenye karatasi kwa vifungu vifupi, kwa Kiswahili akitaka, na pembeni ya kila kifungu aandike kimetoka wapi. Kisha afunge simu, aizime kabisa, aandike insha yake ya Kiingereza akitazama karatasi ile tu. Kiingereza chake kitakuwa na makosa. Kiache kiwe na makosa. Mwalimu atayasahihisha, na hivyo ndivyo kinavyokua. Sentensi tano zenye makosa ambazo ni zake zina thamani kuliko kurasa tatu safi za mtu asiyemjua. Mwishoni aandike vitabu na tovuti alizotumia: mwandishi, jina la kitabu, mwaka, na kama ni tovuti, jina lake na tarehe aliyoisoma. Kwa kidato cha tatu hiyo inatosha kabisa.

Mwalimu mwendee kwa heshima, usiende na lawama. Walimu wa shule za kata wana madarasa ya kutisha na madaftari yasiyoisha, na huyu angalau alisoma kazi zile mpaka akauona ule mstari. Wengine wangeweka vema wakapita. Mshukuru kwa nafasi ya kurudia. Kisha mwombe mawili: awatajie watoto vitabu au tovuti mbili tatu kila anapotoa kazi ya utafiti, na siku moja atumie dakika chache za kipindi kuwaonyesha namna ya kutaja chanzo. Lile neno alilomwita mtoto, mwambie faraghani kwamba limemuumiza. Mengine mwachie mwenyewe. Kama kikao cha wazazi kiko karibu, suala la vitabu vya shule kukaa darasani bila kuazimwa hata mwisho wa wiki lisemeni huko kwa pamoja, maana hilo si lako peke yako.

Binti wa darasa la nne nimemkumbuka. Kuna African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi za watoto za bure zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na zinapakuliwa. Mpakulie chache siku hiyo hiyo ya waifai, amsomee kaka yake kwa sauti.

Kazi ya kurudia ikiwa tayari, mtoto aipeleke pamoja na ile karatasi ya vifungu, ili mwalimu aone alivyotoka kwenye kusoma akafika kwenye kuandika. Na wale watano wengine waliopewa sifuri, kama wazazi wao wako radhi, waende wote maktaba Jumamosi hiyo hiyo. Faili la Kiwix likishapakuliwa kwenye simu moja, wengine wanarushiana tu, bando halihusiki.

Shangazi